Tela Jekundu, Wifi na Mimi

Jumamosi, 1 Machi

Nimeibiwa! Mchana kweupe, uani kwangu, na mwizi mwenyewe kakaa kwenye ngazi yangu anatafuna karanga zangu.

Habari ni hii. Nimerudi sokoni na baiskeli, kapu limefungwa kwa kitambaa chekundu nyuma kwenye keria, jasho mpaka visiginoni. Nafungua geti. Namkuta wifi, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye chumba chake kinatazamana na chetu. Kampakata Kibonge wangu. Kibonge ana miezi kumi na moja, meno manne na mashavu yanayotangulia kufika. Tangu azaliwe hajatamka kitu cha kueleweka. Leo akamtazama wifi machoni, akavuta pumzi, akasema: Mama.

Safi kabisa! Kama mtangazaji wa redio!

Na wifi kaitika! Abee, mwanangu, kaitika. Kisha ananigeukia kunipoza, eti nisijali, watoto hawajui wasemalo. Kama hawajui, yeye alikuwa anaitikia nini?

Nimekaa jikoni namenya viazi na uchungu. Nikaona kosa liko wapi. Liko kwenye keria. Kapu likikaa nyuma, mtoto mgongoni hana nafasi, linamsukuma mgongo kama konda asiye na adabu. Nikilihamishia mbele sioni njia. Kwa hiyo kila Jumamosi ni ama mtoto ama viazi. Na mimi, mama mzima, miezi yote hii nimekuwa nachukua viazi!

Nimemweleza Baba Kibonge. Yeye ni mpakaji wa rangi za majumba, mtu mpole, nyumba ikiwaka moto atauliza kwanza kama chai imeiva. Akasema mtoto atatuita sote, kila mtu na zamu yake.

Zamu! Mama ni foleni ya maji?

Jumapili, 2 Machi

Furaha! Furaha! Nimepata dawa.

Nilikuwa nimesimama getini na Kibonge, nikimwambia sikioni "mama, mama, mama" mara hamsini kama alivyoshauri mtu fulani (mimi). Akapita mleta mikate. Baiskeli yake ina tela nyuma. Mikate imelala humo kama watoto wa kitajiri, na mgongo wa mleta mikate uko wazi, mweupe, haujaguswa na kitu. Mgongo mtupu! Pale pale nikamwona Kibonge juu yake. Si wa mleta mikate, wa kwangu.

Nikinunua tela, viazi vinakaa nyuma na mtoto anakaa na mamaye. Wifi atabaki na ngazi na karanga.

Sijamwambia. Nimekuwa mtamu kwake kutwa nzima, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Baba Kibonge anasema kipo kile kitanda cha chuma kilichovunjika, kinaota kutu nyuma ya nyumba, fundi anaweza kukigeuza. Nimempenda upya. Nimemwambia asimwambie dada yake. Akasema yeye hasemi kitu kwa mtu yeyote. Ni kweli. Hata harusi yetu mama yake aliisikia kwa jirani.

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kaingia kazini mapema, anafua mashuka ya zahanati. Nikamfunga Kibonge mgongoni, mguu kwa mguu mpaka kwa fundi wa kuchomelea.

Fundi huyu anaongea kwa kupiga kelele hata mashine ikiwa imezimwa. Uani kwake ana matela matatu ya watu. Akasema nichague mfano, lakini nichague kwa akili, maana tela ni kama mume, usilitazame likiwa tupu.

La kwanza lina gurudumu moja. Jembamba kama mchumba wa kwanza. Fundi akanguruma kwamba hilo linapita hata katikati ya watu wawili wanaonong'onezana. Akatia gunia la mchanga, akampokea Kibonge, akaniambia niendeshe. Nikakanyaga pedeli mara nne. Tela likalala. Baiskeli ikafuata. Mimi nami sikutaka kubaki peke yangu. Kibonge alicheka mpaka akapata kwikwi. Fundi akasema lile linamtaka mwenye kiuno. Ninacho kiuno, ila kilikuwa chini ya baiskeli.

La pili lina magurudumu mawili na sanduku la mbao, zito kama kabati la bibi harusi. Nilikanyaga pedeli nikiwa nimesimama, meno yamekaza. Halikusogea. Na lilikuwa tupu!

La tatu ni la fremu ya chuma na wavu, magurudumu mawili, jepesi. Na mkono wake unachomoka! Ukifika sokoni unalitoa kwenye baiskeli, unalisukuma kama toroli, una heshima zako. Kasoro yake ni matundu ya wavu. Vitunguu vinatoka kimoja kimoja, kama wanafunzi wanaotoroka shule.

Nikafikiri sana. Nikaagiza la tatu, lakini kuta zizibwe kwa bati. Fundi akauliza mkono ushikwe wapi, kwenye nguzo ya kiti au kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Mimi ni mtu wa darasa la saba, lakini hilo nililijua papo hapo. Kwenye nguzo ya kiti chuma kitamchoma Kibonge makalioni. Ekseli! Fundi akavua miwani yake nyeusi ili anitazame vizuri. Akasema kumbe Mama Kibonge ni mhandisi.

Mhandisi! Nimerudi nyumbani bila kukanyaga chini.

Vyuma vya kitanda Baba Kibonge atampelekea, mimi akasema tu nimletee kipimo cha geti.

Jumanne, 4 Machi

Kipimo kimeenda! Kazi ya dakika mbili kwa mtu mwenye kichwa.

Futi ya Baba Kibonge ameondoka nayo kwenda kazini. Mwingine angesubiri jioni. Mhandisi hasubiri. Nikachukua shali ya Kibonge ya sufu, nikaitandaza kutoka nguzo moja ya geti mpaka ya pili, ilipoishia nikapiga fundo. Shali yenyewe kaifuma wifi kwa mikono yake. Nilicheka peke yangu. Wifi anachangia bila kujua!

Njiani Kibonge aliitafuna, kisha akailowesha kwa namna nyingine. Fundi hakujali. Ni mtu makini, hapendi kazi ya kubahatisha. Akaitundika kwenye msumari, akaishika ncha ya pili kwa koleo, akaivuta mpaka ikanyooka sawasawa kama kamba ya kuanikia. Ndipo akaandika kipimo ukutani kwa chaki. Nikamsifu sana kwa umakini wake.

Mara mbili nimemwambia Kibonge "sema mama". Mara mbili amenipulizia mate.

Alhamisi, 6 Machi

Limefika! Fundi kalileta mwenyewe akilivuta, anapiga kelele mtaa mzima kwamba mwenye mzigo ajitokeze. Hapo siri ikaisha. Watu walitoka na vijiko mkononi.

Tela langu! Magurudumu yake yanalia tik-tik-tik, yanazunguka hata ukiliacha. Nikalishika mkono wake, nikalivuta kuingia ndani kama bibi harusi.

Halikuingia.

Nikasogeza kushoto. Halikuingia. Nikasogeza kulia. Fundi akasukuma, geti likaguna. Tela limezidi geti shubiri moja na vidole viwili. Fundi akaapa kwa kichwa cha mamaye kwamba amefuata kipimo. Akaleta shali. Tukaivuta getini mbele ya mashahidi, kama alivyoivuta kwake. Ikavuka nguzo, ikaendelea na safari zake.

Wifi alikuwa ametoka kazini, kasimama anatazama, mikono kiunoni. Akaeleza kwa upole (ule upole wa kuua) kwamba shali ile aliifuma kwa uzi wa kunyumbuka, ili ikue pamoja na mtoto. Akauliza kuna mtu alipimia kitu?

Nikasema hapana.

Fundi akapiga kelele kwamba ndiyo.

Basi ikabaki njia moja, kulilaza ubavu na kulibeba watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Fundi alishaondoka, Baba Kibonge hajarudi. Wifi akakunja mikono ya gauni, akashika upande mmoja. Tukaingia. Halafu ndipo nikaelewa. Kila nikitoka na tela, watu wawili. Kila nikirudi, watu wawili. Nimetengeneza mashine ya kunitenga na wifi, na mashine haiwezi kutoka bila wifi!

Nilitaka kulia, lakini Kibonge alikuwa analishangaa gurudumu kwa mdomo wazi, udenda mpaka kitovuni, nikacheka badala yake.

Jioni Baba Kibonge akaleta mabaki ya rangi. Ipo ya kijivu na ipo nyekundu. Wifi akasema ya kijivu, haionyeshi uchafu. Nikasema nyekundu. Nilikuwa napenda kijivu, lakini nitafanyaje.

Ijumaa, 7 Machi

Leo majaribio. Bila mtoto, maana mhandisi hajaribii mtoto. Tela jekundu pyu, zuri mpaka linaumiza macho. Wifi akashika nyuma, mimi mbele, tukalitoa. Akauliza kama nimefunga kila kitu. Nikamwambia wifi, kuna watu walizaliwa na chuma mkononi.

Nikachukua viazi dukani, sabuni na mkungu mzima wa ndizi. Wakati wa kurudi ni mteremko. Upepo masikioni, kengele naipiga bila sababu. Naimba! Baiskeli nyepesi ajabu, kana kwamba sivuti kitu.

Mara nikaona tela fulani jekundu linanipita upande wa kulia.

Nikalipenda. Nikajiambia lo, kumbe mtaa huu yupo na mwingine mwenye akili kama yangu, na yeye kachagua nyekundu, na yeye kanunua ndizi! Nikataka kumpungia mkono mwenyewe. Hakuna mwenyewe.

Lilikuwa langu.

Lilikwenda peke yake, kwa adabu, katikati ya barabara. Likampita kinyozi akimnyoa mtu nje, wakageuza vichwa wote wawili, na mteja huyo sasa ana njia ya panya juu ya sikio. Likaparamia kifusi cha mchanga wa wajenzi, likasimama wima. Kiazi kimoja tu ndicho kilichoanguka. Kimoja! Wajenzi wakapiga makofi. Wakauliza dereva yuko wapi. Nikafika nahema, nikasema dereva ni mimi, niliteremka kidogo.

Kumbe pini ya kuunganisha mkono na ekseli sikuichomeka. Niliogopa isipotee, nikaihifadhi mahali pa salama kuliko pote, ndani ya sidiria. Ilikuwa salama kweli.

Wifi kanisubiri getini tulilaze tela. Alikuwa amekwishasikia. Mabega yanamtikisika. Sikumpa sababu ya kucheka zaidi, ila kiazi kilichoanguka kilinitoka mkononi, naye akakidaka, tukajikuta tumekaa chini wote tunalia kwa kicheko kama vichaa. Dakika mbili tu. Halafu nikakumbuka kwamba simpendi wiki hii.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe! Pini mahali pake, nimeikagua mara saba. Kibonge mgongoni, amefungwa vizuri, anapiga teke figo zangu kwa furaha. Tela nyuma. Wifi alishika upande wake kulitoa. Akamrekebishia tu Kibonge kofia, akabaki amesimama. Sikugeuka. Niligeuka mara moja. Alikuwa bado amesimama, ngazi nyuma yake haina mtu.

Sokoni nilikuwa malkia. Nikachomoa mkono wa tela kwenye baiskeli, nikalisukuma kati ya meza, watu wananipisha. Muuza viazi akaniita bosi. Ukishaitwa bosi huwezi kununua kidogo. Na nafasi bado ipo! Nikaweka viazi, kabichi, ndoo mbili, mafagio, boga. Boga likaonekana mpweke, nikalinunulia mwenzake. Kisha stuli, kwa sababu ilikuwa stuli nzuri.

Nilisahau kwamba njia ya dukani na ya sokoni hazifanani. Ile njia ya sokoni ukirudi nayo ni kilima.

Robo ya kilima, nikashuka. Nusu, nikasukuma kwa kifua. Kisha tela likaanza kunivuta mimi, kinyumenyume, taratibu, kama ng'ombe aliyebadili mawazo. Nikakaza miguu. Viatu vinaburuzika. Nikaomba Mungu aniondolee boga moja.

Ghafla likawa jepesi. Nikatazama nyuma. Wifi! Kainama, mabega kwenye bati, anasukuma. Nikamuuliza katoka wapi. Akasema alikuwa anapita tu, anatafuta uzi. Uzi, kwenye kilima, na kandambili za nyumbani! Alikuwa ametufuata tangu asubuhi.

Tukapanda. Akasema huku anahema kwamba lile neno la Jumamosi iliyopita hakulifundisha yeye. Lilimtoka mtoto lenyewe, naye alivyosikia roho yake ikaruka tu ikaitika kabla ya akili. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Akasema angenirudishia, lakini hajui neno linarudishwaje.

Nilikuwa natazama barabara kwa sababu ya vumbi machoni.

Hapo, juu kabisa ya kilima, Kibonge akajipinda mgongoni, akatoa mkono nje, akasema: Mama!

Tukaitika wote wawili. Abee! Kwa pamoja, kama kwaya.

Hakututazama. Kanyoosha kidole. Tukafuata kidole. Anamwita nani? Tela!

Tukasogeza tela mbele. Mama! Tukalizungusha. Mama, mama! Akalinyooshea mikono yote miwili. Wifi akakaa chini kando ya barabara, juu ya stuli yangu mpya. Kisha akakumbuka: Jumamosi ile, wakati nafungua geti, baiskeli yangu ndiyo iliyoingia kwanza. Mtoto alimtazama yeye, lakini kabla ya hapo alikuwa ameona magurudumu.

Miezi kumi na moja ya kunyonyesha. Nimeshindwa na vyuma vya kitanda kibovu.

Jumapili, 9 Machi

Utafiti umefanyika leo, mimi na wifi, tangu asubuhi.

Tumelifunika tela kwa shuka: kalia, mama, mama. Tumelifunua: kacheka. Tumemwonyesha baiskeli peke yake: kaitazama kama anavyomtazama babaye, kwa heshima lakini bila haraka. Tumemwonyesha ndoo inayobingirika: hakuna neno. Wifi akajaribu kulia tik-tik-tik kwa ulimi. Kibonge akamhurumia, akampa kipande cha ndizi kilichotafunwa.

Baba Kibonge alikuwa anatazama kutoka dirishani. Akasema kwamba mtoto ana miezi kumi na moja, leo anaita tela, kesho ataita mlango, neno si kitu, tumtazame mwenyewe. Tukamwambia anyamaze, tuko kazini.

Lakini wiki hii imenifunza, sijakaa bure. Nimetazama kwa jicho la kihandisi, nikagundua siri yote ni rangi. Nyekundu! Jumamosi ile baiskeli yangu ilikuwa na kile kitambaa chekundu nilichofungia kapu. Sasa tela ni jekundu lote. Mtoto hamwiti mtu, anaita rangi. Na mimi hapa nina magauni mawili, la kijani na la bluu. Angeniitaje? Kosa langu mwenyewe!

Kwa hiyo kesho naenda kwa fundi cherehani. Gauni jekundu, refu, la mikono, na kilemba chake. Rangi ile ile ya tela, isipishane hata kidogo. Nikamaliza kuwaza hivyo, nikatoka nje kuchukua mfuniko wa kopo la rangi niende nao kama sampuli.

Mfuniko haupo.

Nikachungulia kwa wifi. Kakaa kitandani na mfuniko mapajani, anaulinganisha na vipande vya kitambaa. Tukatazamana. Akasema alikuwa anafuta vumbi.

Vumbi! Nimemwambia usiku mwema, wifi yangu mpenzi, nikarudi chumbani mbio.

Fundi cherehani anafungua saa mbili. Wifi ataondoka saa moja na nusu, namjua. Mimi nitakuwa mlangoni saa moja. Nikipanda juu ya tela, nikiruka ukuta ili geti lisimwamshe wifi... nitaona.

Kibonge kalala begani kwangu. Hapati usingizi asiposhika sikio langu, na la kushoto tu, hakubali la mtu mwingine. Juzi wifi alimpa lake, mtoto akalilia langu mpaka nikarudi. Lakini hayo si ya kuandika. Sikio ni sikio. Mimi nataka neno.

Mwandiko umepinda, kichwa kiko upande. Hajaliachia.